Helmeti ya Luteni Ackerly

"Kwa hiyo wameniletea wewe," alisema Kamanda Brice Hadley. Alimkagua Nereida Cavazos kuanzia nywele hadi viatu, kisha akabaki kwenye viatu, kana kwamba huko chini ndiko angemkuta mpelelezi.

"Wale warefu wote wana kazi za maana," Nereida akamjibu. "Hilo kabati liko wapi?"

Alikuwa mpelelezi wa jeshi la majini kwa miaka mingi, na ile ya mwanzo aliitumia kuokota vipande vya ndege zilizoanguka na kuuliza kilichoziangusha. Asubuhi hiyo mkuu wake alimpigia simu akamwambia aende kambi ya Agua Mansa, kuna kofia imeibwa. Nereida alicheka. Mkuu wake hakucheka.

Ukumbi wa Kikosi cha Vipanga ulinuka nta ya sakafu na majivuno. Kikosi hicho kilikuwa kikifundisha marubani wa majini tangu Vita Kuu ya Pili, hapo hapo kusini mwa Texas, kwenye nchi tambarare ambayo hata mwanafunzi mpumbavu angetafuta mlima wa kugonga akaukosa. Ndege zilibadilika, makamanda wakabadilika, ila kujiona hakukubadilika. Kuta nne zilijaa historia: picha za vijana waliotabasamu kando ya ndege, mapanga ya rafadha za ndege, mbao za shukrani, michoro ya meli walizotua. Katikati ya ukumbi palikuwa na kabati la kioo lililofungwa kwa skrubu za shaba juu ya kitako cha mbao. Lilikuwa tupu. Mbele yake palikuwa na kiti kilichopakwa rangi ya njano.

"Na hicho kiti?"

"Mila ya kikosi," Hadley alisema. "Mwanafunzi akifanya woga angani, anakalia kiti hicho usiku wa chakula cha pamoja, amevaa kofia ya manyoya ya kuku, chini ya helmeti ya Luteni Ackerly. Tunakiita Kiti cha Longoria. Mtu akikimbia jukumu tunasema amelongoria. Ni mzaha tu."

"Longoria ni nani?"

Aliyejibu hakuwa Hadley. Mlangoni alikuwa amesimama mzee mrefu, mgongo umenyooka kama mlingoti, koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu. "Longoria si mtu, bibie," alisema. "Longoria ni onyo."

Alikuwa Kapteni mstaafu Wendell Stroud. Historia ya kikosi aliiandika yeye, picha alizitundika yeye, na wageni aliwatembeza yeye. Kijana wa kikosi angeweza kukosea jina la mama yake akasamehewa, lakini si hadithi ya Stroud. Sasa aliisimulia bila kuombwa, kwa sauti ya mtu anayeongoza ibada.

"Luteni Royce Ackerly alikuwa mwalimu, kiti cha nyuma. Mwanafunzi Longoria alikuwa kiti cha mbele. Injini ikazima juu ya mji. Mbele yao, Shule ya Mtakatifu Klara, watoto wamejaa uwanjani. Longoria akafyatua kiti kimrushe nje, akamwachia mwalimu wake ndege inayokufa. Ackerly akabaki. Aliigeuza kwa mikono yake mpaka ikaangukia shamba la mtama, akafa ndani yake. Helmeti ile niliichomoa mimi mwenyewe kwenye mabaki, ikiwa bado ya moto."

"Ya moto kabisa?"

"Nilibabuka viganja," Stroud alisema, akavionyesha viganja vyake, laini na vyeupe. "Miaka hamsini imepita. Vimepona."

"Jumamosi tunaadhimisha miaka themanini," Hadley akaingilia. "Wataalamu wa makumbusho ya marubani wanakuja kuichukua helmeti. Wataisafisha, wataichunguza, wataiweka pamoja na za mashujaa wengine. Na mimi sina cha kuwapa ila kabati tupu."

"Niliwapinga hao tangu mwanzo," Stroud alisema. "Mwache Ackerly akae na Vipanga wake."

"Unamshuku nani, Kamanda?"

"Simshuku mtu, namjua. Luteni usu Tamsin Okerlund. Mwanafunzi. Wiki iliyopita alikalia kiti. Alisema mbele ya watu wote kwamba siku moja ataitupa ile helmeti baharini. Jumanne jioni mlinzi alimwona akitoka ukumbini na mfuko mweusi uliojaa. Mlete chumba cha pili, mbane kidogo, saa ya chakula cha mchana uwe umeshamaliza urudi kwenu."

Nereida alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati. Kioo hakikuvunjwa. Mwizi alikuwa amelegeza skrubu za shaba moja moja, akatoa helmeti, akarudisha kioo na kukaza skrubu zote kama zilivyokuwa. Nereida akazitazama zile skrubu kwa muda. Kisha akasimama, akazunguka kuta akitazama picha, na Hadley akamnong'oneza Stroud kitu kilichowachekesha wote wawili.

*

Tamsin Okerlund aliingia chumba cha pili kama mtu aliyekwisha kufukuzwa kazi na anasubiri tu karatasi. Alikuwa na nywele zilizokatwa fupi na mikono iliyokunjwa kifuani.

"Ulisema utaitupa helmeti baharini," Nereida akaanza.

"Chooni, afande. Wamekupa toleo la heshima."

"Na mfuko mweusi?"

"Ulikuwa na kofia."

"Helmeti?"

"Kofia ya kuku. Yale manyoya. Niliichukua ukumbini nikaichoma kwenye jiko la nyama nyuma ya mabweni. Ilinuka hata wenzangu wakaacha soseji zao."

"Unakubali kwamba uliiba mali ya kikosi."

"Nakubali niliiba kuku. Nishtakini kwa kuku."

Nereida alitaka kutabasamu, akaahirisha. "Ulifanya nini ukakalishwa pale?"

"Hali ya hewa ilichafuka nikageuza ndege nikarudi. Kitabu kinasema geuza urudi. Mwalimu wangu akasema nimelongoria." Akainamia meza. "Utanicheka, lakini mimi nilikalia kiti tu. Mwenzetu Pruitt, mwezi uliopita, injini yake ilikufa karibu na uwanja. Mnara unamwambia ruka, ruka, naye amekaa tu, anahangaika nayo. Aliruka akiwa amechelewa. Amekatwa mguu. Nilipomtembelea hospitali, unajua neno lake la kwanza lilikuwa nini? Aliniuliza, 'Wanasema nimelongoria?'"

Nereida akaandika jina la Pruitt.

"Uliwahi kumwona huyo Longoria?"

"Anaishi mjini hapa hapa. Alifundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu. Nilikwenda, nikitaka kuona sura ya onyo." Tamsin aliinua mabega. "Alinipa tamale, ule unga wa mahindi na nyama unaopikwa ndani ya majani, nikala. Hakusema neno juu ya ile siku. Aliniambia tu kwamba nilipogeuza ndege nilifanya vizuri."

Nereida alikwenda nyuma ya mabweni na kukoroga majivu ya jiko la nyama kwa kijiti. Kilichojitokeza ni waya wa kofia na mdomo wa plastiki wa kuku, umeyeyuka upande mmoja lakini bado una dharau yake yote. Akautia kwenye mfuko wa vielelezo. Huyo si mwizi wake.

Akarudi ukumbini, safari hii peke yake.

Ukutani, karibu na mlango, palikuwa na picha kubwa kuliko zote: Stroud akiwa kijana, amesimama katika shamba la mtama, nyuma yake moshi, mikononi ameshika helmeti nyeupe iliyoandikwa ACKERLY. Maelfu ya watu walikuwa wamepita mbele ya picha ile na kutazama uso wa Stroud, maana ndivyo alivyoitundika. Nereida aliipiga picha kwa simu yake, akaikuza, akatazama helmeti.

Aliwahi kushika helmeti zilizotoka motoni. Kioo cha macho hujikunja kama nta, rangi hutoka malengelenge, na masizi huingia kila ufa. Hii ilikuwa nyeupe safi. Lakini utosini ilikuwa imechanwa, mikwaruzo mirefu yenye kina inayotoka mbele kwenda nyuma. Mikwaruzo ya namna hiyo pia aliijua. Katika ndege zile za zamani rubani akifyatua kiti, kiti kilimpitisha kwenye paa la kioo, na vipande vya kioo vikamkwaruza utosi. Helmeti hukwaruzwa hivyo ikiwa tu mwenye kuivaa ameruka.

Aliyebaki kwenye ndege hawezi kuwa na alama zile. Na viganja havibabuki kwa kushika kitu ambacho hakikuungua.

"Mwongo mkubwa," Nereida aliiambia picha, kwa sauti ya kawaida.

*

Evaristo Longoria alimpokea kwenye baraza ya nyumba yake ya mbao, akiwa na fimbo mkononi na kofia ya majani kichwani. Alikaa kwa shida, upande mmoja wa kiuno kwanza, kisha mwingine.

"Mgongo," alisema. "Ni wa siku ile. Keti, binti. Umekuja kunishika? Nasikia kofia ya mtakatifu wao imepotea."

"Umesikiaje?"

"Mji huu haujawahi kuzuia habari yoyote isipokuwa moja."

"Mwalimu, nina swali moja tu. Mlipozimikiwa na injini, nani alitangulia kuruka?"

Mzee alimtazama. Barabarani lilipita gari la mtu anayeuza matikiti, kipaza sauti kikilia, na Longoria akalingoja lipite lote.

"Wote waliokuja hapa," alisema, "maofisa, waandishi, hata padri, walikuja na jibu. Walitaka nilitie sahihi. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza." Akasugua kichwa cha fimbo. "Alitangulia mwalimu. Nilisikia kioo kikivunjika nyuma yangu, na upepo ukaingia. Nikabaki na ndege. Nikaizungusha shule, nikaielekeza mtamani, nikaruka ikiwa karibu na ardhi kiasi cha kuona masuke. Mwavuli wangu ulifunguka nusu. Wake haukufunguka kabisa."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nilisema! Nilikuwa nimelala hospitali, nimefungwa plasta mpaka shingoni. Akaja kijana mmoja luteni, Stroud, akaketi kitandani pangu. Akaniambia baba wa Ackerly ni admirali, mke wake ana mimba, na taarifa imeshakwenda. Akaniambia nikipinga nitashtakiwa kwa kutelekeza ndege. Kisha akacheka, akasema, 'Na wewe unadhani watamwamini nani? Jina lako tu, Longoria, hawawezi hata kulitamka.'" Mzee akatabasamu bila furaha. "Hapo alikosea. Wamejifunza kulitamka vizuri sana."

"Ungependa nini nikilimaliza hili? Medali?"

"Medali niifanyie nini, nimfunge mbuzi shingoni? Waache tu kulitumia jina la baba yangu kama tusi. Wajukuu zangu wanasoma na watoto wa wale maofisa."

*

Nyumba ya Stroud ilikuwa nje ya mji, bendera mbele, nyasi zimekatwa kama nywele za kuruta. Mkewe Lorna, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizofungwa nyuma, alimfungulia Nereida mlango, akasema Wendell yuko karakana, pita tu kwa nyuma, atafurahi kupata mtu wa kumsimulia.

Nereida alisikia msasa kabla ya kufungua mlango. Harufu ya rangi mbichi ilimpokea. Stroud alikuwa ameinama mezani chini ya taa, miwani imeshuka puani. Mbele yake ilikaa helmeti nyeupe. Upande mmoja wa utosi ulikuwa umekwisha kusuguliwa ukawa laini kama yai na kupakwa rangi. Upande wa pili bado ulikuwa na mikwaruzo.

Hakushtuka. Alipuliza vumbi, akasema, "Ungebisha hodi."

"Mwizi habishiwi hodi, Kapteni. Weka msasa chini."

"Mwizi?" Alicheka kama anayemsikia mtoto akitukana. "Kila kitu mle ukumbini kipo kwa sababu yangu. Naitengeneza kabla haijakwenda makumbusho. Kesho ningeirudisha. Umejuaje?"

"Skrubu zako. Mwizi akikaza skrubu huziacha zinavyotaka. Za kabati lile zote vijifereji vyake vimesimama wima, kama askari. Nikatazama fremu za picha zako. Kila skrubu ukutani imesimama hivyo hivyo. Umeiba, halafu ukashindwa kuacha kazi mbaya nyuma yako."

Kwa mara ya kwanza mzee alionekana kuudhika. Hakuudhiwa na kukamatwa. Aliudhiwa na kwamba ni yeye aliyejikamatisha.

"Lakini hilo lilinionyesha nani tu," Nereida akaendelea. "Nilitaka kujua mlinzi wa hazina anaibaje hazina yake. Kisha nikaikuza ile picha. Umeona haya kusema ukweli miaka yote hii, lakini hukuona haya kuutundika ukutani. Ackerly aliruka. Wataalamu wa makumbusho wangejua kwa kuitazama tu. Ndiyo maana unaisugua."

"Unajua nini wewe?" Stroud alisimama, akawa mrefu tena. "Vita ya miaka ile ilikuwa inatula vijana kila wiki. Wanafunzi wanaomba kuacha. Wazazi wanaandika barua. Kikosi kilihitaji mtu wa kumtazama. Nilimkuta Royce kwenye miiba, mbali na ndege, mwavuli haujafunguka. Rafiki yangu. Amelala kama gunia. Hiyo ni hadithi ya kumpa nani? Tukambeba mpaka kwenye mabaki. Nikampa kifo kinachomfaa."

"Na Longoria ukampa nini?"

"Kila hadithi ina mtu wa chini. Yule alikuwa kijana wa Kimeksiko aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Angerudi kulima pamba kama baba yake, na asingepungukiwa kitu. Kumbe hata akafundisha shule! Nimemdhuru nini? Pima mwenyewe: upande huu vizazi vya marubani, upande huu mtu mmoja."

"Pima na mguu wa Pruitt," Nereida alisema. "Umewafundisha watoto kwamba kuruka ni aibu. Kijana amekaa kwenye ndege iliyokufa kwa kuogopa kiti chako cha njano."

Akaitia helmeti kwenye mfuko wa vielelezo. Simu ya Nereida ikalia. Alikuwa Hadley, naye aliambiwa lote kwa maneno machache. Kutoka upande wa pili wa simu ikaja sauti laini kama siagi.

"Sasa tusikilizane, Cavazos. Helmeti imepatikana. Mzee alikuwa anaitengeneza, hakuna wizi. Umefanya kazi nzuri, nitakuandikia sifa. Jumamosi tunaendelea."

"Helmeti ni mali ya serikali, Kamanda, na sasa ni kielelezo. Imo kwenye mfuko wangu. Wataalamu wako waambie waje maabara yetu, wataiona huko, pamoja na nusu aliyoisugua na nusu aliyoshindwa kuimaliza. Na taarifa yangu itasema iliharibiwa kwa nini."

"Unajua unachokifanya kwa kikosi hiki?"

"Nakipunguzia uzito," Nereida alisema, akakata.

Alipogeuka alimwona Lorna. Alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana na sinia ya chai baridi. Nereida hakujua amesimama pale tangu lini. Stroud alielewa kwamba amesikia lote, maana uso wake wote ulinywea.

"Lorna. Rudi ndani, mpenzi."

"Uliniambia ameungua," Lorna alisema.

Hapo ndipo Nereida alipoelewa jambo ambalo hakuna picha ya ukumbini iliyomwambia. Yule mke wa Ackerly mwenye mimba alikuwa huyu. Stroud alimpa rafiki yake kifo, kisha akaishi maisha yake, pamoja na mkewe.

"Uliniambia nisifungue jeneza," Lorna aliendelea, pole pole, kama anayesoma maandishi ya mbali. "Ulisimama mlangoni mwa kanisa ukanishika mikono yote miwili. Ukasema, hakuna uso wa kuutazama, Lorna, mkumbuke alivyokuwa. Nikakushukuru. Wendell, nilikushukuru!"

"Ilikuwa kwa ajili yako."

"Alikuwa na uso?"

Stroud alitazama meza, rangi, msasa, mahali popote.

"Nakuuliza. Royce alikuwa na uso wake?"

"Alikuwa nao," alisema. "Hakuungua."

Lorna aliweka sinia juu ya meza ya karakana kwa uangalifu mkubwa, asimwage hata tone. Kisha akamgeukia Nereida.

"Huyo Longoria bado yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Yuko mjini."

"Nipeleke."

Alitoka na viatu vya ndani, bila mkoba, bila kufunga mlango. Stroud alimwita mara moja kwa sauti ya amri, ya pili kwa sauti ya kubembeleza. Sauti ya amri aliifanyia mazoezi maisha yake yote. Hii nyingine haikumtoka vizuri.

*

Longoria aliwaona wakishuka garini. Aliinuka, kiuno upande mmoja kisha mwingine, akavua kofia yake ya majani.

"Bibi Ackerly," alisema.

Lorna alisimama chini ya ngazi za baraza. Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu alipoolewa tena. "Nilikuchukia," alisema. "Nilimfundisha binti yangu kukuchukia. Kila mwaka nilikwenda kwenye ile sherehe na kucheka walipokitaja kile kiti."

"Najua, bibi. Nakusoma gazetini."

"Basi naomba uniambie mwenyewe. Mume wangu alikuacha?"

Nereida alikuwa amebaki kando ya gari. Alimtazama mzee na kungoja amtemee mwanamke yule dharau yote aliyotemewa yeye miaka yote. Haki hiyo alikuwa nayo. Angeitumia, hakuna ambaye angemlaumu.

"Hapana," Longoria alisema. "Aliniamuru niruke. Mara mbili. 'Ruka, Longoria, ruka!' Kanuni ni kwamba mwalimu akisema hivyo, naye anakwenda, hangoji. Alifanya alivyofundishwa, na alivyonifundisha mimi. Aliyekaidi amri ni mimi. Wadogo zangu walikuwa uwanjani pale shuleni. Niliziona zile sketi zao za buluu. Yeye hakuwajua. Ningekuwa sina wadogo pale, ningemfuata."

"Kwa hiyo hakuwa mwoga."

"Siku ile hakukuwa na mwoga, bibi. Waoga walikuja baadaye, kwa gari."

Lorna alifunika mdomo wake kwa mkono. Longoria alishuka ngazi moja, ya pili ikamshinda, akamnyooshea mkono kutoka pale alipofika. Mwanamke akaushika, akapanda, akaketishwa kwenye kiti chenye mto.

"Mimi nina hadithi moja tu ya ile siku," Lorna alisema alipopata sauti, "na si ya kweli. Nipe yako. Usianzie angani. Anzia asubuhi. Alikuwaje asubuhi?"

Longoria akafikiri, kofia ya majani ikiwa magotini.

"Alikuwa na hasira," alisema. "Mpishi alimpa kahawa bila sukari. Alilalamika kutoka mezani mpaka tunapanda ndege."

Lorna Stroud akacheka. Kilimtoka ghafla, kicheko cha msichana, akainama nacho mpaka machozi yakamdondokea kwenye viatu vya ndani.

"Vijiko vinne!" alisema. "Alikuwa anatia vijiko vinne!"

"Ndivyo alivyokuwa anamwambia mpishi," Longoria alisema. "Kwa maneno makali zaidi. Endelea kulia, bibi. Nitangoja."